Wazee, magofu, makabrasha au ndoto: uchimbe wapi riwaya yako ya kutisha?

Riwaya ya mizimu haikwami kwa kukosa mzimu. Mzimu ni rahisi kuupata: mwanamke mwenye kwato anayeomba lifti usiku, msukule anayelima shamba la tajiri, ngoma inayosikika kutoka ndani ya kisima kikavu. Kazi hukwama pale mwandishi anapotakiwa kusema mzimu huo unataka nini, unaweza nini, hauwezi nini, na nani aliukosea. Bila majibu hayo sura ya tano inarudia kelele za sura ya pili, na msomaji anapiga miayo penye damu.

Kwa hiyo vyanzo vinne vinavyotegemewa zaidi tunavipima hapa kwa swali moja: kinakupa sharti, au kinakupa picha tu? Sharti ni ile kanuni inayomfunga mzimu na mtu kwa pamoja. Usipite hapa baada ya magharibi. Usiitike ukiitwa usiku mara moja. Kilichookotwa kirudishwe. Penye sharti pana mtu wa kulivunja, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Mifano mingi ni ya pwani na bara la Afrika Mashariki, kwa kuwa ndiko hofu zetu zilikolelewa.

| Chanzo | Kinatoa nini hasa | Kinakosa nini | Muda wa kutenga |
|---|---|---|---|
| Wazee na ngoma za pepo | Masharti, mazungumzo, tiba | Mpangilio wa kisa kirefu | Wiki 2 hadi 4 |
| Magofu, mapango, pwani | Harufu, giza, umbali, saa | Sababu ya mzimu kuwepo | Siku 2 kwa kila mahali |
| Makabrasha na magazeti ya zamani | Kosa la asili, tarehe, watu wenye madaraka | Hofu ya mwilini | Wiki 1 na zaidi, pamoja na kibali |
| Ndoto na jinamizi | Taswira moja kali | Karibu kila kitu kingine | Dakika 5 kila asubuhi |

Wazee na vilinge

Kama huna chochote mkononi, anzia hapa. Masharti yamejaa kuliko pengine pote.

Chukua pepo wa Unguja. Hawawi pepo hivi hivi, wana makabila. Ruhani ni Waislamu na wanahusishwa na Uarabuni. Rubamba ni wa Pemba. Kibuki wanatoka Bukini, yaani Madagaska, nao ni Wakristo. Habeshia ni wa Uhabeshi. Kila kabila lina lugha yake, nguo zake, ngoma yake na chakula chake. Ruhani anataka usafi, mavazi meupe, marashi na ubani. Kibuki anataka pombe kali, na humpanda hata mtu ambaye maisha yake yote hajaigusa. Mwandishi atazame hapo vizuri: mama mcha Mungu, sijida haimtoki usoni, ndiye aliyechaguliwa kuwa kiti cha pepo mlevi. Mgogoro umeletewa mlangoni, huna haja ya kuubuni.

Lakini lenye thamani kubwa zaidi ni mapatano. Pepo akishapanda kichwani, fundi, yaani mganga wa pepo, haanzi kwa kumfukuza. Anamsalimia. Anamuuliza jina lake, ametoka wapi, kilichomleta ni nini, anataka nini ili amwache mgonjwa apumue. Pepo anataja vitu vyake: pete ya fedha, kitambaa cha rangi fulani, mbuzi, chano chenye vyakula vyake, ngoma ya siku kadhaa. Ndugu wanalalamika kwamba mwaka huu karafuu hazikuzaa. Wanaomba wapunguziwe. Pepo anakataa, au anakubali na kuweka siku. Tayari una onyesho kamili: pande mbili, bei, muda wa mwisho na adhabu ya asiyelipa. Na anayetoa ahadi mara nyingi si mgonjwa mwenyewe, ni ndugu. Na ndugu husahau.

Mfano wa pili ni Popobawa, kiumbe anayesimuliwa kuvamia watu usiku majumbani mwao. Alivuma Pemba mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, akavuka hadi Unguja, na wapo waliokumbuka habari zake tangu miaka ya 1960 baada ya Mapinduzi. Mwaka 2007 alizuka tena Dar es Salaam. Wanaomwandika huchukua bawa na giza na kuacha sehemu iliyo bora: katika simulizi hizo, aliyevamiwa anaamriwa awaambie wenzake, la sivyo atarudiwa. Hilo ni sharti lililokamilika. Ukinyamaza unaumia peke yako. Ukisema, mtaa mzima haulali. Kitisho kinachosafiri kwa midomo ya watu kinaweza kubeba riwaya ya kurasa 300 bila kuonekana hata mara moja.

Namna ya kukusanya. Nenda baada ya alasiri, kazi zikiwa zimepungua, ukiwa na mtu anayejulikana hapo mtaani. Kilo moja au mbili za sukari na majani ya chai zinatosha; fedha mkononi kabla ya mazungumzo hugeuza simulizi kuwa biashara. Ziara ya kwanza usifungue daftari. Ukianza na "Bibi, unaamini majini?" umeharibu, kwa sababu unamtaka akiri jambo mbele ya mgeni, na utajibiwa kwa mawaidha au kwa kicheko. Anza na ardhi:

"Shikamoo Bibi. Mlipokuwa wadogo, mlikatazwa kupita wapi?"

Kisha endelea taratibu. Saa ngapi ndiyo ilikatazwa? Nani alipita na akapatwa na nini? Alitibiwa na nani, kwa kitu gani? Na nani alikataa kabisa kuamini, naye ikawaje? Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linalokupa mhusika mkuu. Asiyeamini ana kazi kubwa zaidi katika riwaya kuliko anayeamini.

Daftari ligawe safu nne: nani, wapi na saa ngapi, mwiko uliovunjwa, namna ilivyotulizwa. Safu ya tatu ikibaki tupu, ulichonacho ni tukio tu, bado hujapata kisa, rudi ukaulize. Kisa hicho hicho kitafute kwa watu watatu. Wanapokubaliana ndio uti wa mgongo. Wanapotofautiana uko huru kuchagua. Kurekodi omba ruhusa, na uyanukuu maneno usiku huo huo, kwa sababu baada ya siku tatu utakumbuka habari lakini utasahau mahali msimulizi aliposita, na kusita kwake ndiko kulikotisha.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni kumfuata mganga anayejitangaza kwa bango. Atakupa orodha ya huduma. Wenye simulizi nzuri ni wapiga ngoma, wakunga, waosha maiti, walinzi wa usiku, na hasa wavuvi, maana mvuvi hawezi kusimulia bila kutaja maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, upepo ulikuwa wa kusi au wa kaskazi. La pili ni kisa kilichong'arishwa mno, kile cha "alikuwa rafiki ya binamu yangu." Mwanamke mwenye kwato wa Mombasa ni wa aina hiyo. Kila msomaji anamjua, na anajua ni lini gauni litainuka. Ukimtumia, geuza kanuni yake: labda kwato anazo dereva.

La tatu ni zito zaidi. Tuhuma za uchawi kwetu zinaua. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo mara nyingi ni moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Kilifi wazee wameuawa na vijana wa ukoo wao wenyewe, na kwenye mizozo hiyo shamba la urithi haliko mbali. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani za utajiri. Mwaka ule wa Popobawa, 1995, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Zanzibar kwa kudhaniwa ndiye. Riwaya inayomfanya bibi wa macho mekundu awe mchawi kweli inashitaki kuliko inavyotisha. Badilisha kijiji, ukoo, umri na kazi ya kila aliyetajwa kwenye simulizi, na usikubali aliyetuhumiwa halisi atambulike. Sheria nayo ipo: Kenya ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1925, Tanganyika 1928, na kumtaja mtu kuwa mchawi kunaweza kukufikisha mahakamani.

Jambo dogo la adabu kabla hatujatoka kilingeni. Usichapishe dua au aya nzima kama maneno ya kichawi; wasomaji wa pwani watafunga kitabu hapo hapo. Kombe linatosha kuonekana: zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakioshwa kwa marashi, rangi ikienda manjano, mgonjwa akinywa huku mkono unatetemeka.

Magofu, mapango na ufuko

Mahali hakukuambii mzimu unataka nini. Kunakuambia mambo ambayo mzee hawezi kukusimulia kwa sababu kwake ni ya kawaida mno: ukuta una joto gani saa kumi, popo wananuka vipi, hatua ngapi kutoka kisimani hadi mlangoni.

Gedi, karibu na Watamu kusini ya Malindi, ni mahali pa kuchagua kabla ya pengine pote. Ni mji wa mawe ya matumbawe ndani ya msitu: jumba la mfalme, msikiti mkuu, visima virefu, makaburi ya nguzo, na kaburi moja lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Uliachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Sababu zinazotajwa ni maji ya visima kushuka, uvamizi wa Wazimba waliopita pwani mwaka 1589, na msukosuko wa Waoromo kutoka kaskazini. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba kati ya 1948 na 1958, na hata yeye, mtu wa vipimo na vigae, aliandika kuhusu hisia ya kutazamwa kutoka nyuma ya kuta. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kwa mwandishi, kilicho kitamu ni hiki: Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, umbali wa kutembea siku moja, na maandishi yao hayautaji waziwazi. Mji mkubwa jirani, bila jina. Kwa nini?

Mapango ya Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga, yanafaa kwa kitu tofauti. Ni mawe ya chokaa, popo wengi, vijia vinavyombana mtu hadi aende kwa ubavu, na ndani yake kuna sehemu watu wanapopeleka sadaka na maombi yao. Gedi ni hofu ya kutazamwa. Amboni ni hofu ya kubanwa. Usiende kote kuwili ukidhani unakusanya kitu kimoja. Mangapwani, Unguja, kuna chumba cha chini ya ardhi kinachohusishwa na watumwa waliofichwa baada ya soko kupigwa marufuku mwaka 1873. Huko mzimu si wa kuchezea, na ukiuleta bila historia yake utaonekana umeutumia kama pambo.

Ukifika, nenda mara mbili: saa tatu asubuhi, kisha saa kumi na nusu kabla hapajafungwa. Mlipe mwongozo wa hapo, sikiliza hotuba yake yote, kisha mwombe akuache ukae mahali pamoja dakika 30 simu ikiwa imezimwa. Andika harufu na sauti kwanza, macho mwisho, maana macho ndiyo yanayokimbilia maneno ya bei rahisi. Pima: upana wa mlango kwa mikono, kina cha kisima kwa kuhesabu jiwe linavyoanguka (kama unaruhusiwa), hatua kutoka chumba hadi chumba. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyookoa sura ya kukimbizana, ambapo waandishi wengi humfanya mhusika akimbie ukumbi wa mita mia ndani ya nyumba ya vyumba vitatu.

Mambo mawili ya pwani huwaangusha hata waandishi wazuri.

Giza ni la kwanza. Kwetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na kutoka kuzama hadi giza ni dakika 20 na ushei. Machweo marefu ya rangi ya zambarau, mhusika akitafakari saa nzima dirishani, hayo ni ya Ulaya. Hapa adhana ya magharibi inaanza kukiwa na mwanga, na mtu akimaliza kuswali sunna, mwembe hauonekani tena. Kwa riwaya ya kutisha hiyo ni zawadi.

La pili ni mwezi na maji. Tarehe za Kiislamu zinafuata mwezi, kwa hiyo ukiandika usiku wa 15 Shaabani kisha ukasema giza totoro, umejiumbua. Mwezi ni mpevu. Usiku wa 27 Ramadhani mwezi hauchomozi mpaka alfajiri inakaribia, hapo giza ni halali yako. Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwenye pwani ya Zanzibar na Mombasa bahari inaweza kupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4. Siku za maji mafu tofauti haifiki nusu ya hapo. Kila siku kujaa huchelewa kama dakika 50. Mhusika aliyevuka mkoko kwa miguu hawezi kurudi njia ile ile saa sita baadaye. Huo ni mtego usiohitaji uchawi wowote, na mzimu unaojua ratiba ya maji unatisha kuliko unaopita ukutani. Na tukiwa kwenye Ramadhani: watu wengi wanaamini mashetani hufungwa mwezi huo, na ngoma za pepo husimama. Kisa kinachotokea katikati ya mfungo kinajiulizia swali lake: nani kamfungua?

Makabrasha na historia

Chanzo hiki ni cha aliyeshapata mzimu na mahali lakini hana sababu. Historia inakupa kosa la asili: nani alidhulumiwa, lini, kwa amri ya nani.

Tazama Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe. Masimulizi yaliyokusanywa baadaye yanasema mwaka 1904 alishikwa na pepo, akatambaa kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi cha mto, akazama. Ndugu zake wakalala ukingoni wakimsubiri. Waliojua kuogelea walipiga mbizi, hawakuona kitu. Kesho yake akatoka, nguo zake zikiwa kavu. Halafu maji ya dawa, na masharti yake: vitani usipore, usilale na mwanamke. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, Wajerumani wakamnyonga mwezi uliofuata, na vita vikaendelea hadi 1907. Riwaya iko kwenye lile pengo la sharti. Risasi zilipopenya, kuna aliyesema dawa ni ya uongo, na kuna aliyemtazama jirani yake na kujiuliza: wewe jana usiku ulikuwa wapi?

Mfano wa Tsavo unafundisha kitu kingine. Kati ya Machi na Desemba 1898, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingo walivamia kambi za wajenzi wa daraja la reli. Wafanyakazi waliamini si simba, ni mizimu ya watawala wa kale waliochukizwa na reli kupita kwao. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua Desemba, na sasa wamewekwa katika Field Museum, Chicago. Hesabu ya waliouawa ilitajwa kufika 135. Utafiti wa mwaka 2009 uliopima mifupa na nywele za simba hao ulikadiria 35 hivi. Usikimbilie kuchagua namba iliyo sahihi. Watu wengine mia walikwenda wapi, na kwa nini kampuni au mkubwa yeyote angependa simba wabebe lawama yao? Takwimu zinazogombana ni chanzo kizuri cha kitisho kuliko takwimu zinazokubaliana.

Kisha kuna mumiani. Tangu miaka ya 1920 uvumi ulienea Afrika Mashariki na Kongo kwamba watu hukamatwa usiku na kunyonywa damu, na mjini Nairobi waliotuhumiwa ni wazimamoto, wenye magari mekundu na sare. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha barua za wasomaji kuhusu jambo hilo. Mnyonya damu wetu hakai kwenye ngome mlimani. Ana ofisi, ana king'ora, ana risiti. Inashangaza jinsi waandishi wa Kiswahili wanavyoendelea kuazima wanyonya damu wa Ulaya huku huyu amekaa bure.

Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani. Za Kenya ziko katikati ya Nairobi, Moi Avenue. Ulizia kibali na ada za kupiga picha kabla ya kufunga safari. Peleka penseli. Usiombe faili la "uchawi" kwanza. Omba ripoti za mwaka za wilaya, mashitaka ya polisi, malalamiko ya kazi. Mizimu hujificha kwenye safu ya "sababu za kuchelewa kwa kazi". Mafaili mengi ya Wajerumani yameandikwa kwa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo anahitaji mazoezi kuusoma, kwa hiyo tenga muda au tafuta chapa.

Hatari ya chanzo hiki ni uzito. Mwandishi anatoka na kurasa 80 za maelezo na kuziingiza zote, na mzimu anakuja sura ya tisa akiwa amechoka. Kipimo cha haraka: kwa kila sura, tarehe moja na kitu kimoja kinachoshikika mkononi. Kilichobaki kikae daftarini.

Ndoto na jinamizi

Hapa hatutakaa sana. Weka daftari kando ya mto wa kulalia, andika kabla hujashika simu wala hujasema na mtu, kwa sababu ndoto huyeyuka kwa dakika. Andika kwa wakati uliopo, na usiipambe. Utapata taswira moja nzuri kwa mwezi, pengine mbili.

Jinamizi, ile hali ya kuamka huku mwili umegoma na kitu kimekukalia kifuani, lina faida zaidi kwa kuwa linajulikana kwa wengi na lina mwendo wake: ubongo umeamka, misuli bado imefungwa kama katika usingizi wa ndoto, huja zaidi kwa aliyekosa usingizi na aliyelala chali. Simulizi nyingi za kukabwa usiku zinafanana nalo. Mhusika wako anaweza kulijua hilo la kitabibu kwa ukamilifu wake, na bado siku ya tatu akakuta alama za vidole. Lakini ndoto peke yake haina sharti, na riwaya iliyojengwa juu ya ndoto mara nyingi huishia kwa "kumbe alikuwa anaota", dhambi ambayo msomaji hasamehi.

Filamu na riwaya za wengine tuziweke kando. Ni shule ya mwendo: lini ufiche, lini uonyeshe. Zikiwa chanzo, utajikuta na sakafu ya mbao inayolia, dari lenye chumba cha siri na ghala la chini, ndani ya nyumba ya Magomeni yenye sakafu ya saruji na bati juu. Bati lenyewe lina sauti zake usiku likipoa. Zitumie hizo.

Uanze na kipi?

Tazama kinachokosekana kwenye rasimu yako. Kama una wahusika, familia na ugomvi wao, lakini mzimu wako anafanya lolote wakati wowote, nenda kwa wazee. Kama mzimu ana kanuni lakini kurasa hazina mwili, lala usiku mbili karibu na mahali penyewe. Kama kila kitu kipo ila msomaji wa majaribio anauliza "kwa nini sasa, kwa nini nyumba hii", fungua makabrasha. Kama huna kitu kabisa, chukua mwiko mmoja wa utotoni ulioambiwa bila maelezo, kwa mfano kutopiga mluzi usiku, na uandike ukurasa mmoja wa mtu anayeuvunja akiwa na sababu nzuri. Ukurasa huo ndio utakaokuambia uende wapi.

Kuchanganya vyanzo viwili kunafaa, vitatu vinaanza kugombana. Wazee na makabrasha hukamatana vizuri: mzee anakupa sharti, faili linakupa aliyelivunja kwanza. Mahali na ndoto pekee ni mchanganyiko dhaifu, kwa sababu zote mbili ni taswira, na utakuwa na kitabu kizuri kisichokwenda popote.

Aliye Muscat, London au Toronto hana sababu ya kusubiri nauli. Oman kuna Bahla, mji wa ngome uliomo katika Urithi wa Dunia tangu 1987 na unaotajwa kwa majini kuliko mji mwingine wowote nchini humo, na familia nyingi za Waomani waliotoka Zanzibar zinazo simulizi za pande zote mbili za bahari: jini aliyehama na mizigo. Kwa waliopo mbali zaidi, mpigie shangazi au babu simu baada ya isha kwa saa za huko nyumbani, swali moja kwa kila simu, usimrukie na matano. Wiki ijayo atakuwa amekumbuka alichokisahau, na mara nyingi atakupigia yeye. Ratiba za maji za Mombasa na Zanzibar zinapatikana mtandaoni, na picha za setilaiti zitakuonyesha mkoko unaishia wapi; harufu ya popo ndiyo utakayolazimika kumwuliza mtu.